Laini ya Nyanya Iwe ya Nyanya: Simu, Inua Jamii na SHA kwa Wazee Wetu

Chukua mfano huu. Nyanya wa miaka 74 ameamka mapema na kupanda boda hadi dispensari, kwa sababu kichwa kimemuuma siku tatu mfululizo. Kwa dawati la usajili anatoa kitambulisho. Karani anajaribu alama za vidole, mashine inakataa. Vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini vimesuguika hadi alama zimefifia.

"Sawa, Nyanya," karani anasema. "Nitatuma nambari ya uthibitisho kwa simu yako. Ikiingia, nisomee."

Nyanya anatoa kabambe yake mfukoni na kungoja. Hakuna kitu kinaingia. Nambari imetumwa, lakini imeingia kwa simu ya mjukuu aliye Nairobi. Siku ya kuandikishwa, mjukuu ndiye aliyekuwa na simu nzuri, akaweka nambari yake. Alikuwa anasaidia. Leo yuko kazini na simu yake iko kwa chaji.

Kosa kama hilo ni dogo siku linapofanyika, na hugeuka kubwa siku mzee anapougua ama pesa yake inapochelewa. Ndiyo sababu somo la wiki hii ni la wazee wetu, na pia la watoto na wajukuu wanaowasaidia. Ukikumbuka jambo moja tu, likumbuke hili: laini ya mzee iwe kwa jina la mzee, na nambari ya siri ijulikane na mzee mwenyewe. Mengine yote yatajengwa juu ya hapo.

Haki iko kwa Katiba

Kabla ya kushika simu, ni vizuri mzee ajue kwamba haombi msaada wa mtu. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na usaidizi ufaao kutoka kwa familia na kwa serikali. Na Katiba hiyo hiyo inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60.

Soma tena hayo maneno: familia na serikali. Serikali ina kazi yake, na wewe mtoto ama mjukuu una yako.

Hatua ya kwanza: laini ni ya nani?

Shika simu ya mzee sasa hivi, ukiwa naye. Piga *106#. Utaonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hapo utajua mambo mawili.

Moja, kama laini anayotumia kweli iko kwa jina lake. Wazee wengi hutumia laini walizonunuliwa na watoto zamani, na jina lililo kwa mtandao ni la mtoto. Pesa za serikali hulinganishwa na jina na kitambulisho cha mwenye kulipwa. Majina yakikosana, malipo yanaweza kukwama.

Mbili, kama kuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua. Ukiiona, enda kwa duka la kampuni ya simu mkiwa pamoja, mkiwa na kitambulisho, iondolewe.

Kama laini iko kwa jina lako na mzee ndiye anaitumia, mna njia mbili. Mnaweza kwenda pamoja kwa duka la kampuni ya simu, kila mtu na kitambulisho chake, mkaomba ibadilishwe jina. Ama mzee asajiliwe laini mpya. Mkichagua laini mpya, kazi haijaisha hapo: lazima nambari mpya ipelekwe kila mahali ile ya zamani ilipoandikwa, yaani kwa SHA, kwa Inua Jamii, kwa chama, kwa SACCO, na kwa watoto wote.

Hatua ya pili: nambari ya siri

Wazee wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa. Ni rahisi kukumbuka, na ni rahisi kuibiwa pia, kwa sababu mwaka huo umeandikwa kwa kitambulisho ambacho ajenti, karani na kila mtu anakiona. Msaidie mzee kuchagua tarakimu nne zenye maana kwake peke yake. Pengine ni mwaka aliohamia shamba jipya, ama idadi ya ng'ombe na mbuzi aliokuwa nao siku ya harusi. Achague yeye. Usimwambie akuambie.

Kisha fanyeni mazoezi. Tunasema mazoezi kwa sababu kuonyeshwa mara moja hakutoshi. Mtumie shilingi 50, halafu mwache akurudishie, yeye mwenyewe akibonyeza.

"Nyanya, sasa bonyeza tuma pesa."
"Hii?"
"Hiyo hiyo. Weka nambari yangu. Sasa kiasi."
"Hamsini. Sasa inaniuliza siri."
"Mimi naangalia dirishani. Ukimaliza niite."

Hiyo ya kuangalia dirishani ndiyo somo lenyewe. Ukiichungulia leo kwa nia nzuri, umemfundisha kwamba mtu mwingine kuichungulia ni kawaida. Kesho atamwonyesha ajenti.

Usiandike nambari ya siri nyuma ya betri, wala kwa kifuniko cha simu, wala kwa karatasi iliyo kwa kipochi pamoja na kitambulisho. Akiisahau si mwisho wa dunia, kwa maana inabadilishwa akiwa na kitambulisho chake.

Hatua ya tatu: Inua Jamii

Inua Jamii ni mpango wa serikali ya kitaifa wa kuwapa pesa watu walio katika hali ngumu: wazee, watu wenye ulemavu mkubwa, na familia zinazolea mayatima na watoto wasiojiweza. Mwaka 2018 mpango ulipanuliwa kuwafikia wazee wa miaka 70 na zaidi kote nchini. Kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Mambo ambayo watu hutuuliza sana ni haya.

Nani anafaa? Mkenya mwenye kitambulisho, aliyefika miaka 70, asiyepokea pensheni wala pesa za mpango mwingine wa aina hii.

Anaandikishwa wapi? Anzia kwa chifu ama naibu wa chifu. Ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo ndiyo inayoshughulikia uandikishaji, na mara nyingi tangazo hutolewa kwa baraza. Kuandikishwa ni bure kabisa. Mtu akitaka "ya chai" ama "ya fomu", jua kuna shida.

Nikiandikishwa leo nitalipwa lini? Kuandikishwa ni jambo moja, na kuanza kulipwa ni lingine. Kunategemea uhakiki na bajeti ya serikali. Usikope kwa matumaini ya pesa ambayo haijaingia.

Mbona mwezi huu haijaingia? Mara nyingine malipo huchelewa, halafu huja ya miezi kadhaa kwa pamoja. Lakini kama majirani wote wamelipwa na mzee wako hajalipwa, usingoje. Kagua kama laini bado inafanya kazi, kama jina linalingana na kitambulisho, na kama alikosa zoezi la kuhakiki kwamba wanufaika wako hai. Kisha peleka malalamishi kwa ofisi ya ustawi wa jamii mkiwa na kitambulisho na simu yenyewe.

Na kama mzee hawezi tena kushika simu, amelala kitandani ama kumbukumbu imempotea? Mpango unaruhusu awe na mlezi anayetambuliwa rasmi. Pitieni kwa chifu na kwa ofisi ya ustawi wa jamii, jina la mlezi liandikwe. Mkifanya hivyo, kila mtu anajua nani anashika pesa, na mlezi mwenyewe analindwa dhidi ya maneno ya watu.

Hatua ya nne: SHA

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Mzee aliyekuwa na kadi ya NHIF hakuhamishwa tu hivi hivi. Anahitaji kuwa amesajiliwa SHA. Usajili ni bure. Unaweza kupiga *147# hata kwa kabambe, ama kwenda Huduma Centre, ama kusaidiwa kwa kituo cha afya.

Kuna jambo watoto wengi hawajui. Bima yako ya SHA inamfunika mwenzi wako na watoto wako. Mama na baba hawaingii humo. Mzazi anajisajili mwenyewe kama mwenye nyumba yake, na mchango wake ni wake. Unaweza kumlipia, na ni jambo jema sana, lakini hakikisha pesa inaingia kwa nambari yake ya kitambulisho, si yako.

Mchango hupangwa hivi: asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba, maji, mifugo na vitu vya namna hiyo, kisha anaambiwa kiasi chake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka. Kwa watu wasio na mshahara hulipwa ya mwaka mzima mbele. Asiyeweza kutoa zote kwa mpigo anaweza kuuliza kuhusu mpango wa Lipa SHA Pole Pole.

Sasa sikiza hii vizuri, kwa sababu kuna wazee wanaokaa nyumbani na maumivu wakidhani hawawezi kutibiwa bila kulipa kwanza. Huduma za kimsingi kwa dispensari na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, zimepangwa kulipiwa na serikali kupitia mfuko wa afya ya msingi. Kinachotakiwa ni kusajiliwa. Mchango wa kila mwaka ndio unaofungua mlango wa hospitali kubwa, kuanzia ngazi ya 4 kwenda juu, mzee akihitaji kulazwa ama kufanyiwa upasuaji. Kwa hivyo sajili leo hata kama pesa ya mchango bado mnaitafuta.

Siku ya usajili, karani akiuliza nambari ya simu, taja ile mzee anayobeba mfukoni. Ikiwa tayari iko yako, enda naye ibadilishwe. Kumbuka yule nyanya kwa dawati.

Hatua ya tano: mjue mhudumu wa afya wa mtaa

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wale tunaowaita CHP. Kila mmoja alipewa mkoba wenye vifaa, vikiwemo mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Afya imegatuliwa, kwa hivyo wahudumu hawa hufanya kazi na serikali ya kaunti yako, na kila mmoja ana nyumba anazotembelea.

Presha na sukari ni magonjwa ya kimya. Mtu anaweza kutembea nayo miaka bila kuumwa popote, halafu siku moja apooze upande mmoja. Mhudumu akipita na kupima, mnajua mapema. Muulize maswali haya matatu: Atapita tena lini? Kituo chetu kina kliniki ya presha na sukari siku gani? Na usiku mzee akizidiwa, tumpigie nani?

Hifadhi nambari ya mhudumu kwa simu ya mzee, si yako tu. Iandike kwa jina ambalo mzee analitumia. Kama anamwita "mama wa dawa", iandikwe hivyo.

Hatua ya sita: 2,000 inagawanywa vipi?

Shilingi 2,000 si nyingi, tusidanganyane. Ndiyo maana inahitaji mpango kabla ya kuingia. Jaribuni hesabu hii kwa meza, mzee mwenyewe akiongoza.

300 kwanza iwekwe kando kwa ajili ya SHA, kama mchango wake ni ule wa chini. Pesa ikija ya miezi mitatu kwa pamoja, yaani 6,000, toeni 900 hapo hapo. Ikikaa kwa simu pamoja na ya matumizi, itaisha na chumvi na sabuni.

Kiasi fulani kiwe cha dawa na nauli ya kliniki. Hata pale matibabu ni bure, dawa inaweza kukosekana kwa kituo ikabidi inunuliwe kwa duka la dawa. Mgonjwa wa presha hafai kuruka dawa hata kama anajisikia vizuri.

Iliyobaki ni ya mzee. Ndiyo, hata ya tumbaku ya kunusa, ya sadaka, na ya kumnunulia mtukuu peremende. Pesa hii ni yake.

Na si lazima itolewe yote siku inayoingia. Kila kutoa kuna ada. Kinachoweza kulipwa moja kwa moja kwa simu, kama vile dukani ama mchango wa SHA, kilipwe kwa simu. Kinachotakiwa mkononi kitolewe mara moja kwa kiasi kinachotosha, badala ya kutoa 200 leo na 300 kesho.

Hatua ya saba: sentensi moja ya kumfukuza tapeli

Matapeli wanajua siku za malipo. Watapiga na kusema, "Mama, tunapiga kutoka Inua Jamii, jina lako limetoka, tuma 500 tukamilishe." Ama watatuma SMS ya uongo inayofanana na ya pesa, kisha wapige wakilia: "Nimekutumia kimakosa, naomba unirudishie, mtoto yuko hospitali." Ama wataomba "ile nambari imeingia sasa hivi".

Usimfundishe mzee orodha ya hila ishirini, atazisahau. Mfundishe sentensi moja, airudie hadi iwe kama salamu: "Ngoja kwanza, nitauliza mtu wangu." Kisha akate simu. Hana haja ya kubishana wala kujieleza. Mwenye haja ya kweli atangoja, na tapeli hana muda wa kungoja.

Na nambari ya siri haitajwi kwa simu. Wafanyakazi wetu hawatakuuliza, serikali haitakuuliza, hospitali haitakuuliza. Ile nambari ya uthibitisho inayokuja kwa SMS husomewa karani aliye mbele yako, kwa huduma uliyoiendea wewe mwenyewe. Haisomewi sauti ya mtu usiyemwona.

Kusaidia bila kunyang'anya

Sasa tuongee ukweli wa nyumbani. Si kila anayemnyang'anya mzee ni mgeni. Mara nyingine ni mtu wa familia anayeshika simu "kwa sababu Nyanya haoni vizuri". Pesa inaingia 4,000, Nyanya anaambiwa ni 3,000. Mia tano imekopwa na haijarudi. Hakuna anayejiita mwizi, na Nyanya hasemi kitu kwa sababu huyo ndiye anayempikia. Ananyamaza, na siku ya dawa hana nauli.

Kama wewe ndiye msaidizi, jilinde na umlinde kwa desturi tatu. Ujumbe wa pesa ukiingia, msomee wote kwa sauti, kutoka kiasi hadi salio. Ukitoa kwa niaba yake kama mlezi aliyeandikishwa, mpe pesa mkononi na uhesabu mbele yake. Na angalau mtu mmoja mwingine wa familia ajue kiasi kilichoingia, hata kama yuko mbali.

Kama wewe ni mzee na unasoma haya, ama unasomewa: ukiona pesa yako haifiki yote, una haki ya kusema. Mwambie mtoto mwingine, mzee wa mtaa, chifu, ama afisa wa ustawi wa jamii. Kusema si kuvunja familia.

Karatasi moja ya kubandika ukutani

Chukueni karatasi, andikeni kwa herufi kubwa:

1. Laini iko kwa jina langu. Tumekagua *106#.
2. Nambari ya siri naijua mimi peke yangu.
3. SHA: nimesajiliwa, simu iliyoandikwa ni hii yangu. Mchango unaisha tarehe fulani.
4. Inua Jamii: mlezi wangu aliyeandikishwa ni fulani.
5. Mhudumu wa afya: jina na nambari yake. Siku ya kliniki.
6. Mtu ninakuwa ka nikimwuliza kwanza: jina na nambari yake.

Usiandike nambari ya siri wala ya kitambulisho kwa karatasi hiyo. Wageni hupita.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii ni moja tu, na itakuchukua chini ya dakika kumi. Ukimtembelea mzee wako, ama ukimpigia na kuna mtu wa kumsaidia pale, pigeni *106# pamoja, kisha muulizane: nambari iliyo kwa SHA ni ipi? Kama si ile iliyo mfukoni mwake, pangeni siku ya kwenda kuibadilisha, mkiwa wawili. Mshike mkono hadi kwa dawati. Lakini simu aishike yeye.